Ua la Maduara Saba

Dada yangu mpendwa,

Suruali uliyonitumia imefika. Kiunoni imenienea, ila miguu umenikadiria ya twiga. Hapa tunaendelea. Msumeno mkubwa nimeunoa, na paka wa karakana kazaa ndani ya kapu la maranda.

Unalikumbuka lile ua la maduara saba ninalochonga milangoni? Wateja wakiniuliza maana yake, huwaambia kwamba duara halina mwanzo wala mwisho, kama Mungu. Sita ya pembeni ni siku za kuumba, na la katikati ni siku ya kupumzika. Maneno hayo yameniuzia milango mingi.

Jumanne nililichonga kwenye jeneza la mtoto wetu. Aliishi siku mbili. Wifi yako ndiye aliyelitaka. Nilizungusha bikari, nikapiga msasa kama kazi ya mteja yeyote. Machozi hayajanitoka mpaka leo.

Jana akaniuliza, "Lile duara la katikati, ulisema ni nini?"

Nikamjibu, "Ni duara tu, mke wangu."

Akasema, "Ulisema ni kupumzika. Usininyang'anye na hilo."

Tangu hapo hatujasemezana. Mimi nilikuwa nayasema kwa mdomo tu, dada, kumbe mwenzangu alikuwa akiyaweka moyoni. Njoo ukae naye. Mimi nashinda karakana, nachonga mlango wa mtu ambaye hana haraka nao.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi