Damu ya Kondo la Kabula

Jumatatu, 4 Machi
Wamejifungua watatu, wote salama. Wawili wamekubali nichukue damu ya kitovu. Mifuko iko kwenye friji. Watafiti wa Mwanza wanatafuta humo seli shina, seli changa zinazozaa damu mpya. Wanasema siku moja zitaponya sikoseli. Mwanangu Masanja ana sikoseli. Miaka saba. Jana mifupa ilimuuma mpaka akajing'ata mkono.

Alhamisi, 7 Machi
Kabula, mjamzito kutoka kijiji cha Dutwa, amekataa. Nilimweleza kwa Kisukuma, taratibu: mtoto haumii, ni damu inayobaki kwenye kondo la nyuma tu. Akasema kondo ni la nyumbani kwao, huzikwa lilivyotoka.

Kajifungua saa nane mchana. Wa kike. Damu nimechukua. Alama ya dole gumba kwenye fomu ya ridhaa ni yangu.

Sikusikia chochote moyoni. Ugali niliumaliza.

Ijumaa, 8 Machi
Mabishano wakati wa chai. Daktari: kondo likishatoka ni taka, fomu zinatuchelewesha. Muuguzi mwenzangu: siku hizi kila kitu kina mnunuzi, pamba, sasa damu ya wazazi. Na mwenye kondo ni nani? Wakanigeukia mimi, mkunga. Nikasema chai imepoa.

Jumatatu, 11 Machi
Mama mkwe wa Kabula amekuja na gari la asubuhi. Yeye ndiye aliyeliosha kondo kabla ya kulizika. Ameosha ya wajukuu wote. Hili lilikuwa jepesi, limepauka.

"Ng'wana wane, mwanangu, mmelikamua."

Hakupaza sauti. Nikakana. Mdomo ulijisemea wenyewe.

Jumatano, 13 Machi
Watafiti wanakuja keshokutwa kuchukua mifuko. Nimemweleza daktari ukweli. Kasema ninyamaze, ni kwa faida ya watoto kama wangu. Nikasema Kabula alikataa, na mfuko ni wake. Nitaandikiwa barua ya onyo. Nimewatumia kina Kabula salamu Dutwa kwa dereva wa gari, waje kuuchukua.

Naona aibu, ila kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Alhamisi, 14 Machi
Bibi, yule mama mkwe, amekuja peke yake. Nimemwambia yote, hata habari za Masanja. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Akaufunga mfuko kwenye khanga, akasema watauzika leo hii.

Mlangoni akasimama.

"Mtoto wako ameamkaje?"

Nikasema leo hana maumivu.