Aliyemuua Kishindo

Mke mwenzangu, mjukuu wangu mwenye vidole vya wino,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na zikikukuta umeinama juu ya meza yako ya kuchorea, inuka kwanza unyooshe mgongo, halafu uendelee kusoma. Afya yako vipi? Unakula, au bado unashinda na chai tupu mpaka jua lizame? Mimi mzima. Goti la kushoto linauma asubuhi, la kulia linauma jioni, yamepangiana zamu kama askari wa lango. Kaka yako naye hajambo, ingawa najua hukuuliza.

Anayeniandikia ni Mpiga Pasi wetu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie maneno kama mtu anayeomba kazi. Ameniuliza kwa nini nisikupigie simu tu. Nimemjibu kwamba kwenye simu utanikatiza, na mimi nikikatizwa naingiwa na woga, na neno la leo halitaki mtu mwoga. Tutafika huko. Kwanza tuzungumze habari za Kishindo.

Wewe mtoto, umetutia wazimu. Tangu vitabu vyako vya katuni vianze kufika hapa, hakuna anayekula chakula cha mchana kwa amani. Saa saba tukishatoa mikono kwenye mabeseni, Mpiga Pasi anakaa juu ya bunda la mashuka na kusoma kwa sauti, nasi tumemzunguka. Mzee wa Pipa, anayechochea moto wa maji, husimama mlangoni akijifanya hasikilizi, lakini ukurasa ukigeuzwa kabla hajauona, anakohoa. Siku Kishindo alipokutwa chumbani kwake amelala kifudifudi, kisu mgongoni, chakula kilipoa. Shujaa ambaye akikanyaga ardhi daraja linatikisika na majambazi wanadondoka kama nguo kwenye kamba iliyokatika, leo amelala sakafuni na joho lake jekundu limemfunika kichwa. Mpiga Pasi alilia. Sasa hivi anagoma kuandika hilo, lakini alilia, machozi yakadondokea shati la mteja, ikabidi alipige pasi upya.

Mimi sikulia, nilikasirika. Nilisema mtu mwenye miguu mikubwa kama mabeseni, anayebeba treni begani, hauawi na kisu cha jikoni ila na mtu aliyemwamini kiasi cha kumpa mgongo. Mzee wa Pipa akadakia kwamba basi ni ndugu yake, nani mwingine alikuwa na ufunguo. Mpiga Pasi akasema ni yule daktari wa macho. Nikawaambia wote wawili wana akili za sabuni ya kipande, kadiri unavyoisugua ndivyo inavyopungua. Tangu siku hiyo ni ubishi mtindo mmoja. Tunakamua mashuka tukibishana, tunaanika tukibishana, na wateja wengine wameanza kuja mchana makusudi, na kanzu safi mkononi, wasikilize.

Kikaja kitabu cha tano. Askari wakaingia nyumbani kwa ndugu wa Kishindo, wakakuta shati la huyo ndugu ndani ya ndoo, na shatini doa la damu. Mzee wa Pipa akatembea chumba kizima kifua mbele kama bwana harusi, akisema kesi imekwisha, tuombe radhi mmoja mmoja. Wenzangu hao wanasikiliza maneno. Mimi, kama unavyojua, herufi kwangu ni sisimizi waliokanyagwa, kwa hiyo natazama picha. Nikakichukua kitabu nikakisogeza dirishani. Nikaitazama ile ndoo. Juu ya ndoo nikaona mistari mitatu midogo inayojipinda.

Mvuke.

Nilipiga ukelele hata paka akaangusha chupa ya buluu ya kung'arishia nguo. Nikawaambia damu haifuliwi kwa maji ya moto. Ukiitia maji ya moto umeipika, inashika kwenye uzi, inageuka kahawia, na hutaitoa mpaka shati lioze. Damu ni maji baridi, chumvi na subira. Sasa ndugu wa Kishindo, katika kitabu cha pili ulisema amelelewa chini ya meza ya pasi, bibi yake dobi. Mtu wa namna hiyo, hata kama ameua watu kumi, mkono wake utakwenda wenyewe kwenye maji baridi. Shati lile liliwekwa pale na mtu ambaye hajawahi kufua hata soksi zake. Na katika kitabu chako yuko mmoja tu wa hivyo, Meya, anayebadilisha glavu nyeupe kila ukurasa na hatujaonyeshwa hata siku moja nani anazifua.

Mzee wa Pipa akaenda kwenye moto wake, akarudi, akasema labda mchoraji amekosea. Nikamwambia mchoraji huyo amejifunza kutembea akishikilia beseni lile lenye ufa, na mvuke hawezi kuukosea. Nilikuwa na furaha nusura nicheze, ila magoti yakakataa yote mawili kwa pamoja.

Ndiyo maana Jumapili nilikupigia nikihema. Ukacheka. Ukaniambia nisijisumbue, Bibi, muuaji ni ndugu yake, alikuwa yeye tangu mwanzo, na kitabu cha sita kinakwenda kwa mchapaji Ijumaa ijayo. Umebakiza ukurasa wa mwisho tu, ambapo anafungiwa gerezani na ufunguo unatupwa mtoni. Nilipokuuliza juu ya mvuke ukaniuliza, mvuke gani.

Neno hilo halikuniacha. Uliuchora bila kujua. Moyo wako umemhukumu yule kijana, lakini mkono wako unajua hakuua.

Nikavitandaza vitabu vyote vitano kitandani, nikamtazama huyo ndugu peke yake, sura hata sura. Nyusi yake ya kushoto imekatika katikati. Nyusi hiyo naijua. Nilikuwepo mlango wa kabati ulipoipasua, mimi ndiye niliyeshika kitambaa cha maji baridi huku kaka yako akipiga mayowe. Na Kishindo nilimjua siku ya kwanza kabisa, kwa ile miguu yake, nikanyamaza. Ni yule uliyemchora ukiwa na miaka kumi na mmoja, katika daftari la buluu lenye waya ubavuni, kurasa zote mbele na nyuma. Daftari likapotea. Ukasema ni kaka yako, kwa sababu aliwahi kuchana karatasi mbili akatengenezea mpira. Alikataa, hukumwamini. Ni miaka kumi na minne sasa unamsalimia kama unayempita mlinzi wa benki. Alipopata mtoto ulituma blanketi, hukutuma neno.

Mpiga Pasi, hapa andika bila kusimama.

Daftari lile nililichoma mimi.

Mwalimu wako aliniita shuleni. Nilikwenda na gauni langu la kutokea, nimelipiga pasi mwenyewe mara mbili. Akaniwekea daftari lako la hesabu mezani, pembeni mwa kila hesabu kuna mguu wa Kishindo, akasema mtoto huyu akiendelea hivi ataishia kwenye mabeseni. Alisema hivyo akinitazama usoni. Hakuona kwamba anazungumza na beseni lenyewe. Nikasema ndiyo, mwalimu. Nikasema nimekusikia, mwalimu. Njia nzima ya kurudi sikuona barabara. Nilikuwa nimefua tangu mama yenu alipotuacha ili ninyi wawili msifue, na sasa naambiwa nimefua bure. Nilifika, daftari la buluu lilikuwa juu ya kitanda chako, Mzee wa Pipa alikuwa ameenda kuleta kuni. Nikafungua mlango wa jiko nikalitia. Miguu ile mikubwa iliungua mwisho.

Ningekuambia jioni ile ingekuwa kosa moja. Lakini ulirudi, ukapekua nyumba, ukamgeukia kaka yako, na mimi nilikuwa nimesimama palepale nakunja foronya. Nilikuwa na mdomo, mke mwenzangu, unaujua mdomo wangu. Siku ile haukufunguka. Na kibaya zaidi, ili mambo yaishe upesi, nilimpa yeye adhabu ya kuchota maji ya mabeseni yote kwa wiki nzima. Alinitazama mara moja, akachukua ndoo.

Mpiga Pasi ameweka kalamu chini. Anasema vumbi limemwingia. Nimemwambia aiokote, kazi haijaisha.

Jana nilikwenda kwenye karakana ya kaka yako. Alikuwa anachomelea lango, nikamwambia azime, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kiti nilikikataa. Akainua ile ngao ya uso. Akasema anajua. Kesho yake asubuhi, alipochota maji ya kwanza, alizoa majivu ya jiko, akakuta waya. Daftari zima limekwisha, waya umebaki. Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Akasema wewe ulikuwa na watu wawili tu duniani, na kama ungepaswa kumchukia mmoja, afadhali awe yule asiyejua kukusuka nywele. Kisha akashusha ngao yake akawasha moto, nisimwone. Waya ulikuwa umetundikwa msumarini, katikati ya koleo na misumeno, kila mara alipohama karakana alihama nao. Akanipa. Umo ndani ya bahasha hii, usije ukafikiri ni uchafu ukautupa.

Sasa nisikilize. Sikutumii barua hii unisamehe haraka haraka. Kosa langu nililitia maji ya moto siku ile ile, ndiyo maana limeshika hivi, na najua halitoki kwa kufuliwa mara moja. Ninachotaka ni kimoja. Una mpaka Ijumaa. Mtoe yule kijana gerezani. Meya mfanye unavyopenda, mfunge, mtupe mtoni na glavu zake, watu watafurahi. Lakini mwenye nyusi iliyokatika usimpeleke kwa mchapaji na kosa lisilo lake, maana kikishachapishwa hakuna maji ya kukifua. Na baada ya hapo mpigie simu. Usimwambie mengi, hana subira ya maneno. Mwambie tu umepata waya.

Mzee wa Pipa anakusalimu sana. Alikuwa mlangoni muda wote huu na safari hii hakukohoa. Anasema kama ni Meya, atawasha moto na kufua yeye kwa wiki nzima, sisi tukae. Mpiga Pasi anakusalimu, na anataka ijulikane kwamba hakulia. Kaka yako sikumwambia nakuandikia, kwa hiyo hana salamu, ila aliniuliza kama bado unalala na soksi. Mtoto wake ameanza kutembea. Anashikilia lile beseni lenye ufa.

Kula. Nyoosha mgongo. Jina langu sijui kuliandika, kwa hiyo nimechovya kidole gumba kwenye wino wa kutilia nguo alama, ule usiotoka hata uufue vipi, nikakigandamiza hapa chini kama wanavyofanya watu mbele ya askari. Kitabuni muuaji ni Meya. Nyumbani muuaji ni mwenye kidole hiki.

Bibi yako, dobi