Nyigu wa Dirisha la Mwanao

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nzito kama mfuko wa saruji. Shemeji akusaidie kuzibeba. Wifi yako hajambo. Mwanao mzima, anakula kunishinda na anacheka kunishinda. Narudia: mzima. Soma mpaka mwisho ndipo upige kelele.

Mimi ndugu yako nimejenga ghorofa, nimejenga benki, nimefanya kazi katika miji ambayo wewe umeiona kwenye kalenda tu. Lakini safari hii kajengo kadogo kuliko kidole kamenitoa jasho. Nyigu walianza kuingia kwenye matundu ya fremu ya dirisha, juu kabisa ya kitanda cha mwanao. Nikakumbuka yule nyuki mmoja alivyomvimbisha uso mpaka macho yakapotea, na wewe ulivyoniachia sindano yake ya dharura huku ukiniapisha. Mimi nisiyeogopa jukwaa la juu, nikaogopa dirisha.

Nikakoroga saruji nizibe. Wifi yako akanizuia, akasema kwanza nijue ni nyigu gani, maana nikiwafungia wanaoishi kwa kundi watatokea chumbani. Basi nikakalia ndoo nikamtazama mmoja. Mweusi, kiuno kama uzi, mkanda wa njano tumboni. Kwa sura sikuambulia kitu. Kwangu nyigu wote ndugu. Lakini fundi hajulikani kwa sura, hujulikana kwa ukuta wake. Wale wa kundi kiota chao ni kama karatasi, kinaning'inia. Huyu alileta kidonge cha udongo mbichi, akakitandaza kwa mdomo, akajenga mlangoni kabomba kalikopinda chini kama mdomo wa birika. Kisha akaingiza viwavi, mmoja mmoja, akaziba. Hana saidia fundi wala msimamizi wa kumfokea. Kazi safi, ingawa lipu yangu ni nzuri zaidi.

Nikamwita mwalimu wa sayansi, jirani yetu. Naye akatazama kabomba kabla ya nyigu, akasema ni nyigu mwashi: kila jike hujenga peke yake, hakuna malkia wala jeshi. Ndani kuna yai, na viwavi ni chakula cha mtoto atakayeanguliwa. Haumi mtu mpaka abanwe. Nikamuuliza kama sumu yake ni sawa na ya nyuki. Akakuna kidevu, akasema hilo nikaulize hospitali. Mwalimu mzima! Nikaona afadhali saruji yangu.

Nikarudi kwenye karai. Ndipo mwanao akaja, akaung'ang'ania mwiko, akasema mjomba usizibe, huyo ameshaniuma na sikufa.

Dada, kaa chini. Alimbana kwa kidole alipokuwa akifunga dirisha, kabla mimi sijawaona kabisa. Akaficha, kwa kuwa ananijua: ningewachoma moto wote. Anasema kilitoka kiuvimbe kama punje ya mtama, kikaisha. Nilimkagua kuanzia ulimi hadi vidole vya miguu, huku akilalamika kwamba mikono yangu inaparuza kama tofali.

Tukakimbilia hospitali. Daktari amesema huenda sumu ya nyigu huyu haimdhuru kama ya nyuki, lakini kunusurika mara ya kwanza si dhamana ya mara ya pili. Anataka kumpima. Nikasema mpime, mimi ndiye ninayemlea, nikamsimulia na majengo yangu yote. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema anahitaji neno la mama, si la mjomba.

Kwa hiyo natulia vipi? Mwanao analala na wifi yako, mimi nimehamia sebuleni na sindano iko mfukoni mwangu hata nikiwa kazini kwangu hapa uani. Matundu sijaziba. Chumba nimekifunga, na yeye anakwenda kuchungulia kwa nje ya kioo, anangoja watoto wa nyigu watoke. Kila akijikuna, naupapasa mfuko wenye sindano.

Sema apimwe, au sema nimlete kwako. Ukisema nimlete, nitambebea sanduku lake mimi mwenyewe, na njia nzima sitafanya mzaha.

Msalimie shemeji, na wote wanaoniulizia, hata wanaonisema.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi Maringo