Bloa Yako Aliyoichukua Mtani

Baba,

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya meza yako ya kazi. Kukaa kumenishinda tangu uondoke. Nikikaa nainuka, nikiinuka naenda kuangalia soketi, na soketi yenyewe haijachomekwa kitu. Mama yumo ndani na eda yake, anasikia nyayo zangu, ananiambia nitatoboa sakafu. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Sisi huku tunahangaika tu.

Siku ya hitima, Seifu, mtoto wa shangazi yako na mtani wako, alileta vituko vyake. Alivaa kofia yako, akaishika ile bloa ya upepo wa moto uliyokuwa ukizibia plastiki, akaanza kukuigiza mbele ya waombolezaji. Mdomo kaupinda, kidole juu: "Upepo wa moto hauelekezwi kwa mtu, hata awe mkweo!" Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka. Kisha akaikwapua bloa na glavu zako, akaondoka navyo, kofia yako kichwani, mpaka kwake Mohoro, akisema ni haki ya mtani mpaka tuikomboe. Desturi naijua, sikubisha. Nikampelekea jogoo. Akarudisha salamu kwamba jogoo amemla, bado anasubiri mchuzi.

Hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Kazi nikawa nafanya kwa kisu cha kupasha kwenye mkaa, makava ya bodaboda yananuka, viraka vinaachia, wateja wameanza kunikwepa. Lakini si hilo lililoninyima raha. Seifu ni mkulima wa mpunga, Baba. Nyumba yake ni ya makuti, wajukuu wamejaa uani, na nikasikia ameanza kuziba mabeseni ya majirani. Aliyeniletea habari akaongeza kwamba mwenye boti mmoja wa Kiongoroni amempelekea dumu la petroli lililopasuka.

Unakumbuka lile dumu uliloletewa wewe, limeoshwa kwa sabuni mpaka linanukia? Ulilirudisha hukulitazama mara mbili. Ulisema petroli imeingia ndani ya plastiki yenyewe, haitoki kwa sabuni, inangoja moto tu. Nikawa kila nikifumba macho naliona dumu lile kwa Seifu. Naona na mdomo wa bloa umeshazimwa, haung'ai, hautoi moshi, ila bado ni wa moto, na mkono mdogo wa mtoto unaushika. Naruka kitandani. Mama anauliza kuna nini, nasema mbu.

Nilipoaga kuifuata bloa Mohoro, Mama alinionya kwamba cha mtani hakidaiwi kwa hasira. Nikamwambia sina hasira, nina hofu. Gari liliposimama Ikwiriri kupakia abiria nilitamani nishuke nitembee kwa miguu. Tulipofika darajani Ndundu ndipo nilipogundua nimevaa kandambili zisizofanana.

Baba, niliisikia sauti yako kabla sijafika uani kwake.

Nikakaza mwendo. Wajukuu wake walikuwa wamejipanga nje ya uzio, wakaniambia babu kawakataza kuvuka. Nikachungulia. Seifu alikuwa peke yake katikati ya uwanja, mbali na makuti, amevaa glavu zako, beseni la mkewe liko mbele yake. Hakuwa na wa kumchekesha. Anafanya kazi na kujisemesha kwa sauti yako: "Itembeze, itembeze. Ukiiacha mahali pamoja hujaziba, umechoma." Nikawauliza watoto habari za dumu la petroli. Walisema mwenye boti alilichukua tena na matusi juu, babu hakukubali hata liingie uani.

Mara umeme ukakatika. Kabla sijapumua, Seifu akazima swichi, akachomoa waya, akaisimamisha bloa juu ya kigae, mdomo ukitazama juu. Akasema, bado kwa sauti yako, "Umeme ukirudi haupigi hodi."

Miaka yote ile tulidhani anakudhihaki tu. Kumbe kukuigiza kote kule kazi ilikuwa inamwingia.

Aliponiona akavua kofia yako. Akaniambia, na hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, ndogo kuliko nilivyoizoea: "Nikiirudisha hii, mwanangu, nitamtania nani?"

Tulikula wali, tukasubiri bloa ipoe kabisa, akanifungia kwenye kitambaa. Nilimwomba akija huku kwetu Kibiti apite atazame mkono wangu, kwa kuwa siku hizi nina haraka isiyo na sababu, na haraka haitakiwi kwenye kazi hii.

Jana amekuja. Nilikuwa nanyoosha kava la pikipiki, nimesogeza bloa karibu mno, plastiki ikaanza kutoa moshi. Akanikaripia kwa sauti yako nifungue dirisha, nirudishe mkono nyuma. Nikatii. Moyo ulinitulia kidogo, nakwambia kweli. Kazi ilipokwisha sijui alijisahau au vipi, akaita kama ulivyokuwa ukiita kila ukizima mashine:

"Mama Zuhura, maji."

Na Mama, huko ndani, akaitika: "Abee."

Nikasikia kikombe kinachovywa mtungini. Kisha nikasikia kinawekwa chini. Seifu alijifunika uso kwa glavu, mimi nikashindwa kwenda ndani, nikashindwa kubaki.

Kwaheri, Baba, mkono umechoka. Nakuahidi moto huu hautamuunguza mtu nikiwa nimeushika mimi. Seifu nitamwita tena, anikaripie anavyotaka, ila jina lile asiliite. Lakini Mama tangu jana amehamishia mkeka wake karibu na mlango wa karakana, amekaa anasikiliza, na yeye sijui nimwahidi nini.

Mwanao,
Zuhura