Chiriku Kafaulu Kupita Kiasi

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai magoti yamekupa nafuu na bustani bado inakushughulisha kuliko ndugu zako. Sisi huku wazima. Mikono yangu bado imetulia, na siku mikono ya kinyozi ikianza kutetemeka, wateja wote watahamia kwa jirani.

Nakuandikia kwa furaha. Chiriku kafaulu!

Nianzie mwanzo. Mwezi uliopita mwalimu wa darasa alimwita wifi yako. Akamwambia mtoto anaongea kama redio, hesabu za kichwani hana mpinzani, lakini kusoma kunamshinda, na wenzake wamemwacha mbali. Basi kuna mama mmoja mpimaji hupita shuleni. Anakaa na mtoto, kisha anakaa na wazazi, na akiona mtoto anastahili, anapewa mwalimu wa elimu maalumu wa kumsaidia. Wifi yako akakubali palepale. Mimi niliposikia, damu ilinichemka. Mtoto wangu? Chiriku huyuhuyu anayewatania wateja mpaka nashindwa kushika mashine kwa kucheka?

Nikasema sawa, mtihani ni mtihani. Nikaulizauliza, nikajua atasomeshwa kile kitabu cha hadithi cha darasani kwao. Kila jioni nikishafagia nywele, namkalisha kwenye kiti cha wateja, nasoma, anarudia, nasoma, anarudia, mpaka kitabu kizima kikamkaa kichwani. Siku yenyewe nikamvalisha viatu vipya. Mpimaji akafungua kitabu, Chiriku akatiririka. Kisha nikaitwa mimi. Nyumbani anasoma? Kama hakimu. Anafuata maagizo? Kama askari. Jina lake anaweza kuliandika? Nikamwambia, mama, mwanangu ataandika hata la kwako.

Jana majibu yametoka: Chiriku hahitaji msaada wowote. Nimeyabandika kwenye kioo, na kila anayekalia kiti changu lazima ayaone. Ni wifi yako tu kaninunia. Chai ananiletea bila neno. Nadhani kaona wivu sikumshirikisha kwenye maandalizi.

Wewe uliyepima watoto mpaka ukastaafu, najua utafurahi nami.

Mdogo wako,
Kinyozi Mkuu

13 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti bado yananiuma, na tangu nipate barua yako mbavu nazo zinauma kwa kucheka. Nilipomaliza kucheka nikakasirika.

Mmefaulu nini? Mtu ana homa, anakwenda hospitali, anajipaka poda, anamwambia daktari sijambo, anarudi nyumbani bila dawa, halafu anaita watu wapige vigelegele. Ndiye wewe huyo. Kupimwa si mtihani. Hakuna kupasi, hakuna kufeli. Wanatafuta pale mtoto anapokwama ili wamshike mkono palepale. Wewe umepaziba, ukapaka na rangi juu.

Na nisikilize vizuri, maana najua kinachokuuma. Chiriku si mjinga. Mjinga hakariri kitabu kizima. Nimekaa na wengi wa aina yake: akili inakimbia, herufi haziwangoji. Wakisaidiwa mapema wanasoma. Wasiposaidiwa wanajifunza kujificha, na kujificha kunamchosha mtoto kuliko kusoma. Mwakani masomo yote yatataka asome mwenyewe. Utamkaririsha yote?

Kaombe nakala ya ripoti yao nzima, uone walichoandika. Kisha wewe na mkeo muandike kuomba apimwe tena. Mzazi ana haki hiyo, wala si ugomvi na shule. Mpelekeni kwanza akaangaliwe macho na masikio, yasije yakawa ndiyo tatizo. Siku ya kwenda usibebe daftari safi, beba lile lenye wino mwekundu. Wakikuuliza, usisifu, simulia: jana alikwama hapa, akafanya hivi. Na mwombeni mpimaji ampe hadithi ambayo hajawahi kuiona. Hata mara ya kwanza alipaswa kufanya hivyo. Naye alikuwa na haraka zake. Zaidi ya yote, usimfundishe kitu!

Mwombe radhi wifi yangu. Yeye ndiye mwenye macho nyumba hiyo. Mficha uchi hazai.

Dada yako,
anayekupenda hivyohivyo ulivyo

20 Februari

Dada,

Shikamoo. Hatujambo.

Barua yako nimeisoma, nimeikunja. Unataka nikakae mbele ya watu nianike makosa ya mwanangu? Watu huja kunyolewa hapa ili wamsikilize yeye. Leo niwaambie hajui kusoma?

Tuyaache hayo. Salamu kwa bustani.

Mdogo wako

24 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga goti. Kimya changu kilikuwa cha ukaidi, kisha kikawa cha aibu. Afya zetu njema, mimi tu ndiye moyo haukuwa mzima.

Wiki mbili zilizopita fundi bomba alikuja kunyolewa. Akayaona majibu kwenye kioo, akamwambia Chiriku, "Haya bingwa, nisomee gazeti langu." Nikadakia, "Msomee, mwanangu, msomee!" Chiriku akalishika gazeti. Palikuwa na picha ya uwanja wa mpira. Basi akaanza. Timu zikaingia, kipa akateleza, goli likafungwa, refa akazomewa. Fundi bomba alipiga makofi mpaka nikakaribia kumkata sikio. Mimi nikachungulia juu ya bega la mtoto. Dada, habari yenyewe ilisema uwanja umefungwa kwa matengenezo. Hapakuwa na mechi.

Mteja alipoondoka nikamwambia, "Mwanangu, ile umetunga." Akalia. Chiriku wangu analia bila sauti, nilikuwa sijui. Kisha akaniuliza, "Baba, nikisema sijui, bado utanisifu kwa wateja?"

Nilimkumbatia pale kwenye kiti na nikalia naye. Nilidhani namkinga na watu, kumbe nimemfundisha kuniogopa mimi. Kisha nikamwambia nitamsifu mpaka wateja wahame. Majibu nimeyabandua.

Wifi yako nimemwomba radhi. Akasema, "Nilikuwa nakungoja." Akafungua kabati, akatoa madaftari yote ya wino mwekundu, kayafunga kwa utepe. Barua ya maombi tumeiandika pamoja: kila nikitia sifa, yeye anafuta. Macho ya mtoto mazima. Masikio nayo mazima. Daktari kasema anasikia hata yasiyomhusu. Shule imekubali, atapimwa likizo ikiisha.

Naomba ushauri mmoja tu. Ulimi wangu unaujua. Nikizidiwa, nikaanza kusifu?

Mdogo wako aliyenyooka

2 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, na mbili za nyongeza. Barua yako nimeisoma nikiwa bustanini, na jirani akaja mbio kwenye ua akidhani nimefiwa. Nikamwambia nalia kwa furaha, ndugu yangu kakua.

Ukizidiwa, kohoa, umwachie wifi aseme. Ile habari ya gazeti isimulie yote, na mechi yake. Hiyo itawafaa wapimaji kuliko sifa zako zote. Asubuhi ya siku hiyo usimpe Chiriku somo wala viatu vipya. Mwambie kitu kimoja: leo ni ruhusa kutojua.

Dada yako

12 Mei

Dada, dada, dada!

Shikamoo. Sote wazima, na leo hata chai nimeletewa na maneno.

Tulikwenda. Safari hii mpimaji hakuwa na haraka. Walikuwa yeye, mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu, mezani. Nilisimulia habari ya gazeti. Nilipofika kwenye goli nikasahau nilikokuwa, nikasema, "Na hebu oneni kipaji!" Wifi yako akanikanyaga mguu. Nikakohoa. Akaendelea yeye, polepole, daftari baada ya daftari, na hakuna aliyemkatiza. Dada, nimeoa mtu mwenye akili. Mbona hukuniambia?

Chiriku alikuwa amepimwa kwanza na mama huyohuyo, chumba cha pili. Asubuhi nilikuwa nimempa yale maneno yako, akaniangalia kama namtania. Alipotoka, alitoka anaruka. "Baba! Nimesema sijui! Nimesema tena sijui! Na yule mama hakukasirika, akaniambia asante!" Njia nzima akawa anaimba sijui, sijui, watu wanageuka kututazama, na mimi nikaitikia.

Leo barua imekuja. Anastahili. Atakuwa na mwalimu wake wa kusoma, muda wa ziada kwenye mitihani, na kila muhula tutaitwa kuangalia amefika wapi. Nimeomba nakala. Naona nimekuwa mtu wa nakala sasa.

Wateja wameshaambiwa. Nawauliza, "Wewe ulipokuwa mdogo ulipewa mwalimu wako peke yako? Basi mwanangu kapewa." Fundi bomba kauliza na wa kwake anapelekwa wapi. Nimempa maelezo yako yote, na nimemwambia asinunue viatu.

Mdogo wako,
Baba Chiriku

29 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Magoti yako hayajambo? Mimi mzima.

Hii barua naandika mwenyewe. Naandika kidogo, napumzika. Mwalimu wangu amesema kupumzika ni ruhusa.

Baba alitaka kunitajia maneno. Nimemtoa nje. Anachungulia dirishani.

Fundi bomba alileta gazeti jipya. Nimesoma kichwa cha habari chote. Kilikuwa cha bei ya sukari. Mechi yangu ilikuwa nzuri zaidi.

Shangazi, sijui barua inamalizwaje. Baba anajua lakini simwiti.

Mtoto wako,
Chiriku