Maji ya Mama Ngoie

Élisabethville

Baba,

Wanaume wanakuletea salamu makaburini kila Ijumaa. Mimi binti yako naleta yangu kwa kalamu, maana nina neno, na wewe ndiye uliyekuwa ukinivumilia maneno.

Chuo chako kiko hai. Amu Shabani, ndugu yako, ameshika wavulana, mimi nimebaki na wasichana uani. Lakini mwezi huu Amu alitaka kufuta ile desturi yako, kwamba mtoto mpya hagusi ubao wala haanzi alifu kabla hajazoea kumchotea maji Mama Ngoie, jirani yetu mjane, mwenye mguu mbovu na rozari shingoni. Wazazi wananung'unika: tumeleta watoto wasome Kurani, nao wanabebeshwa ndoo za Mkristo. Niliogopa, Baba. Desturi hiyo ikifa, chuo chako kitabaki sauti tu.

Nakukumbuka mkekani, kofia imeinamia sikio, ukiwajibu wazazi hao hao bila hasira: "Mutoto anajua kusoma, hajue jirani yake? Huyo iko kasuku." Kisha unacheka peke yako. Kicheko kile... nakitamani kila asubuhi.

Kuna jambo hukulijua, kwa sababu ulikuwa umelazwa ukingoja kuoshwa. Siku ile ya mazishi yako bomba la mtaa lilikauka. Amu alituma watu huku na huku, wakarudi na ndoo tupu. Ndipo Mama Ngoie akaingia uani akichechemea, na nyuma yake wanawake wa kanisani kwake, wamejitwika maji yote yaliyokuwa nyumbani mwake. "Muchukue," akasema. "Ile mayi iko yake. Batoto yake njo balileta."

Ukaoshwa kwa maji hayo waliyoyachota watoto wako wa chuo, Baba. Amu mwenyewe ndiye aliyekumwagia.

Juzi nilimkumbusha, wazazi wakisikia. Alijifuta macho kwa ncha ya kanzu. Halafu akamwita mtoto aliyeletwa asubuhi hiyo, akauweka ubao kando, akampa ndoo.

Pumzika, Baba. Mola akusafishe na kila zito. Nami nakuahidi: maadamu mimi ni mzima, hakuna mtoto atakayesoma alifu chini ya bati letu huku mtungi wa jirani ukiwa mkavu.

Binti yako msemaji,
Zaina