Nimekata Waya wa Helmeti, Mke Wangu Anatishia Kusema

Bi Mwantum wa redio, kwa kawaida mimi ndiye wa kuamkiwa lakini leo nina shida kwa hiyo salamu naanza mimi, hujambo, naomba unisaidie, na jina langu usilitaje hewani kwa sababu huku Shelui kila lori linalosimama dereva wake ananijua.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, shule niliiacha darasa la tatu na sijawahi kuijutia maana gari haliulizi vyeti. Mimi nimeendesha lori kabla baba yako hajanunua baiskeli, Mlima Sekenke wa zamani, ule wa kona zenyewe, nimeupanda na kuushuka na semi ya pamba, mvua inanyesha, breki zinanuka, utingo analia, mimi naimba. Waulize. Walio hai watakwambia.

Sasa nimezeeka kidogo, siyo sana, na Anuari, mtoto wa mfanyabiashara wa Singida Mjini, amefungua uwanja wa mbio za magari hapa nje ya Shelui, njia ya vumbi inayozunguka na kurudi ilipoanzia, vijana wanajifunza kukimbiza gari, akaona mwalimu atamtoa wapi kama si mimi. Mwanafunzi anaendesha, mimi nakaa kiti cha kushoto, na namna yangu ya kufundisha ni moja, ngumi moja kwenye dashibodi ni breki, ngumi mbili ni gia, akikosea anapata kofi la paja, wanafunzi wa kike nawapiga begani kwa heshima. Gari lenyewe limekwanguliwa ndani, halina zulia wala kitambaa, mawe yanagonga chini mtindo mmoja, huwezi kusikia mtu anasema nini, lakini ngumi yangu inasikika.

Basi Anuari akaleta madude. Helmeti, mikanda inayokufunga mabega yote mawili kama mtoto mgongoni, kola ya shingo, na ndani ya helmeti kuna spika sikioni na maiki mdomoni, ukinong'ona mwanafunzi anakusikia. Akasema mwalimu asiyevaa hivi hakai kwenye gari lake. Nikamwambia mwanangu, hivi ni vya watu wasiojua kuendesha. Akanijibu, "Hapana babu, ni vya watu wenye vichwa." Nikavaa, kwa sababu mimi ni mtu mzima sigombani na mtoto.

Kitu ambacho hakuniambia, au aliniambia nikawa sijamsikiliza, ni kwamba sauti hiyo inakwenda mpaka kwenye spika ya bandani wanakokaa watazamaji. Siku hiyo nilikuwa na Pendo, binti wa hapa hapa, mkono wake kwenye usukani ni mwepesi kuliko wangu nilipokuwa kijana na hilo sijamwambia mtu, akaingia kona ya mwisho kwa mwendo ambao sikuuruhusu, mkia wa gari ukahama, na mimi inasemekana nikasema, "Mama nakufa, Pendo shika wewe, mimi nimefumba macho." Inasemekana. Na Pendo akanijibu taratibu, "Tulia babu, ninalo." Banda zima likasikia. Tangu siku hiyo sipiti kituo cha malori kwa amani, vijana wanaouza kuku wananiamkia "shikamoo Tulia Babu", wananiheshimu na kunitukana kwa pumzi moja, nikinyamaza bila marahaba naonekana mkorofi, nikiitikia nimelikubali jina.

Kingine ni Rahma. Huyu nilimshikisha usukani mimi mwenyewe, leo naye ni mwalimu, na Anuari amempa kazi ya kusimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja na redio yake, akiona hatari mbele anamwambia mwalimu aliye ndani ya gari, mwalimu peke yake, halafu mwalimu ndiye anamwambia mwanafunzi. Kwa hiyo nimekaa kwenye gari binti anaongea ndani ya sikio langu, babu mpunguze mwendo, babu subirini vumbi litue, babu umenisikia, sema umenisikia. Severina mke wangu tumezaa na kuzeeka pamoja, hajawahi kuniambia niseme nimesikia.

Nikachukua kisu nikakata waya, wa maiki na wa spika, zote mbili, kule ndani ya kitambaa ambako mtu haoni. Helmeti navaa kama sufuria, kimya kabisa, raha. Rahma akiuliza kwa nini siitikii nasema betri. Nimerudi kwenye ngumi zangu na kazi inakwenda. Juzi tulikuta mbuzi njiani, Rahma anasema aliita kwenye redio mpaka sauti ikamkauka, sisi tukapita katikati yao hakuna hata mmoja aliyeguswa, dereva wa kawaida angemaliza kundi.

Shida yenyewe ndiyo hii. Jumamosi hii kwa mara ya kwanza yanaingia magari mawili kwa pamoja, mimi na Pendo tunakuwa nyuma, na vumbi la huku wakati wa kiangazi unalijua. Severina alikuwa anashona kitambaa cha helmeti kilichofumuka akaziona zile nyaya, akanikalia kooni, anasema nisipomwambia Anuari kabla ya Jumamosi atakwenda yeye kwa miguu yake. Nikimwambia Anuari natolewa kwenye gari kiti anapewa Rahma, na mimi niliyepandisha Sekenke nitakaa bandani na wauza kuku. Sasa nisaidie hivi, mwambie mke wangu hewani kwamba mke hatoi siri ya mumewe, na mwambie Anuari kitaalamu kwamba redio za kichwani zinaharibu ubongo, wewe ukisema ataamini, wewe umesoma.

Ni mimi,
Dereva wa Kwanza, Shelui

Bi Mwantum anajibu

Dereva wa Kwanza, shikamoo. Nimeuamkia umri wako, maana kingine cha kuamkia kwenye barua hii nimekitafuta sikukipata.

Barua imeletwa asubuhi hii na kondakta wa basi, nami nimeitanguliza mbele ya watu waliokuwa wanasubiri zamu yao, wenye waume watoro na mashamba ya urithi. Wanisamehe. Shida zao Jumapili bado zitakuwepo.

Tuanze na ubongo. Redio ya kichwani haiuharibu, mzee wangu. Chuma ndicho kinauharibu.

Na hao mbuzi unaojisifu nao, wao ndio waliowaona ninyi. Mbuzi akisikia gari anasogea. Gari lililozimika ndani ya vumbi halisogei, na Rahma ataliona kutoka kichuguuni, ataita, atarudia kuita, na wewe utakuwa ndani ya sufuria yako unapata raha.

Umemlilia mama yako kwenye kona. Kwa hiyo? Mimi nimepanda Sekenke ya siku hizi, lami safi, nikiwa abiria tu, na jirani yangu wa kiti alishuka na alama za kucha zangu mkononi. Nenda kituo cha malori, wakikuamkia itikia marahaba kwa sauti, nunua kuku, ondoka. Vijana wanachoka na jina likiitikiwa.

Nakuelewa, usidhani sikuelewi. Miaka yote ndani ya gari lako mwenye kuongea ni wewe tu. Utingo analia, wewe unaimba. Mwanafunzi anapigwa paja, ananyamaza. Leo umewekewa watu wanaokujibu, tena mabinti wawili, tena wote wako sahihi. Inauma. Lakini angalia inauma wapi: kwenye majivuno tu. Pendo akigonga hilo gari la mbele ataumia kwenye mbavu na shingo.

Barua nzima umejisifu, isipokuwa mahali pamoja ulipomsifu mwingine, pale uliposema mkono wa Pendo ni mwepesi kuliko wako. Umeniambia mimi, nisiyejua hata sura yake, na yeye hujamwambia. Binti huyo anaingia kwenye vumbi Jumamosi akiamini babu aliye kushoto kwake anasikia kinachoonekana mbele. Hana namna nyingine ya kujua. Umemziba macho kwa kisu halafu unaniuliza habari za siri za ndoa.

Siri ya mume ni kukoroma, na kudanganya umri. Hii si siri, na mkeo hana kosa lolote. Mama Severina, shikamoo, umesema vizuri. Hiyo helmeti ifiche, umpe tu akiwa mlangoni anaelekea kwa Anuari.

Mzee, fanya hivi. Nenda leo, helmeti mkononi, nyaya umezivuta nje azione. Usiseme betri. Usiseme panya. Sema, "Nimezikata mimi." Jumamosi kaa bandani, Rahma aingie na Pendo, na mtu mwingine mwenye redio asimame kichuguuni, hilo Anuari alipange. Kabla gari halijaondoka mwendee Pendo, umwambie habari ya mkono wake. Nyaya zikishaungwa, muombe Rahma akufundishe. Gari limesimama, wewe umekaa kiti chako cha kushoto, yeye anasema, wewe unajibu "nimesikia", mpaka neno hilo likutoke bila kukukwaruza koo. Hapo ndipo uombe kurudishwa. Ukikubaliwa, shukuru. Ukikataliwa, hujaonewa.

Jina lako sijalitaja, kama ulivyoomba. Ila mzee wa Shelui anayefundisha mbio za magari, aliyeoa Severina, yuko mmoja, na Anuari ana redio kama watu wengine. Ikiwa leo hakuiwasha, namba ya uwanja wake iko kwenye bango la barabara kuu na mimi nimeiandika hapa. Sasa naweka wimbo. Ukiisha, napiga simu.

Vaa viatu.